Tuta Lililokataliwa na Tuta Lililokubaliwa: Serikali na Wakulima wa Bustani Katika Usambara

Katika Kiswahili neno tuta lina maana nyepesi. Ni udongo uliokusanywa kwa jembe na kuinuliwa kidogo juu ya usawa wa shamba, ili viazi au mboga zipate kukaa juu yake. Hakuna jambo katika maana hiyo liwezalo kumuudhi mtu. Lakini katika milima ya Usambara, katika miaka ya 1950, neno hilo katika wingi wake, matuta, lilikuwa jina la amri ya serikali, na watu wakalichukia hata likawa miongoni mwa sababu zilizowaingiza wengi katika siasa ya kudai uhuru. Na leo, katika mabonde ya milima ile ile, msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto huona matuta yaliyonyooshwa vizuri, yenye kabichi, karoti, vitunguu na nyanya, wala hapana karani wala askari aliyewashurutisha wenye mashamba kuyainua.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kwa nini watu wa nchi moja walikatae tuta moja na kulikubali jingine? Jibu lililozoeleka katika ofisi za wakoloni lilikuwa kwamba mkulima wa mlimani ni mgumu wa kufundishika. Historia ya kilimo cha mboga na matunda katika Usambara haiungi mkono jibu hilo. Yaonyesha kwamba mkulima hakuwa na ugomvi na mbegu ngeni, wala na kazi, wala na udongo ulioinuliwa. Alichokataa ni msaada uliomtaka atoe nguvu zake bila ya kumpa njia, wala soko, wala neno la kusema juu ya shamba lake mwenyewe.

Kwanza yafaa kuondoa dhana kwamba bustani zilikuja Afrika ya Mashariki pamoja na serikali za kikoloni. Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka wa 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu alikaribishwa kwa wali pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe, na kwamba Mombasa aliona migomba na milimau. Mabaharia wa Vasco da Gama walipofika Mombasa mwaka wa 1498 waliletewa machungwa, malimau na miwa. Lugha yenyewe ni daftari ya safari hizo. Bustani ni neno la Kiajemi. Bamia na figili ni ya Kiarabu. Embe na fenesi yana asili ya Bara Hindi. Nanasi na papai ni matunda ya Amerika yaliyoenezwa na Wareno. Maneno hayo hayakubaki wageni. Yaliingizwa katika ngeli, tunda likaitwa embe na mti ukaitwa mwembe, fenesi na mfenesi, papai na mpapai, kana kwamba yalizaliwa humu. Watu waliopokea mimea kwa namna hii, wakaipa majina na kuitia katika sarufi yao, hawawezi kuitwa watu waogopao mambo mapya.

Mlimani hali ilikuwa na sura nyingine. Wasambaa huiita nchi yao Shambaai, na huitenga na nyika, yaani nchi kavu iliyo chini ya milima. Krapf alifika kwa mfalme Kimweri huko Vuga mwaka wa 1848, akarudi tena mwaka wa 1852. Na habari za ufalme huo zimehifadhiwa kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, ambayo J.W.T. Allen aliitayarisha upya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguzo ya kilimo cha Shambaai ilikuwa mgomba. Chini ya kivuli chake yalipandwa mazao mengine, na udongo wa mteremko ulishikwa na mizizi na kufunikwa na majani yaliyoanguka. Mboga za majani nyingi hazikupandwa, bali zilichumwa. Na desturi hiyo haikufa, kwani Anne Fleuret, katika uchunguzi alioutoa mwaka wa 1979, alionyesha jinsi majani ya kuchuma yalivyokuwa bado na nafasi kubwa katika chakula cha watu wa Lushoto.

Tena Wasambaa walikuwa na maneno yao ya kuzungumzia hali ya nchi. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 juu ya wenye fikra miongoni mwa wakulima wa Usambara, ameyaeleza mawili yaliyo makubwa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mvua, rutuba, amani baina ya watawala, na shibe ya watoto vyote vilikuwa ndani ya maneno hayo. Kwa hiyo aliyetaka kuwashauri Wasambaa juu ya udongo wao alikuwa anaingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza zamani, yenye istilahi zake.

Wadachi hawakuingia katika mazungumzo hayo. Walipoitazama Usambara ya Magharibi waliona hali ya hewa inayofanana na ya kwao, wakadhani hapo ndipo walowezi watakapokaa. Mwaka wa 1896 serikali yao ilifungua kituo cha majaribio huko Kwai, ambako mazao na mifugo ya Ulaya ilijaribiwa, na miongoni mwao viazi na mboga. Baada ya miaka michache kituo hicho kilikodishwa kwa mlowezi. Mwaka wa 1902 ikaanzishwa taasisi kubwa ya utafiti wa mimea huko Amani, katika Usambara ya Mashariki. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Mombo mwaka wa 1905, na kuanzia hapo mazao ya mlimani yakawa na njia ya kufika pwani. Misheni nazo, kama ile ya Mlalo iliyoanza mwaka wa 1891, zilikuwa na bustani zao.

Msaada huo wa serikali haukumkusudia mkulima wa Kisambaa. Alikuwa mchukuzi wa mizigo na mfanyakazi katika bustani ya mtu mwingine. Hata hivyo mfanyakazi huona, na mwenye kuona hujifunza. Mbegu zilitoka katika mashamba ya walowezi na misheni zikaingia katika mashamba ya wenyeji, na majina ya mazao yakahifadhi kumbukumbu ya njia hiyo. Kiazi cha mviringo kiliitwa kiazi cha Kizungu au kiazi ulaya, ijapokuwa asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Watu walimtaja aliyekileta, si nchi kilikozaliwa. Habari ya tunda la pera ni ya kustaajabisha zaidi. Neno hilo kwa Kireno ni jina la tunda la Ulaya, lakini Waswahili walikuwa wamekwisha kulitumia kwa tunda la mpera wa pwani. Basi lile tunda la Ulaya lenyewe lilipokuja kustawi katika baridi ya mlimani, lilikuta jina lake limechukuliwa, likahitaji jina jingine, nalo ni peasi. Tofaa vivyo hivyo lilikuwa tunda la pwani kabla ya kuwa jina la tunda la nchi za baridi. Katika mambo haya madogo yaonekana kwamba kilimo cha bustani cha Usambara kina tabaka mbili, la pwani na la mlimani, na kila moja lilikuja kwa mlango wake.

Waingereza waliishika nchi ya Usambara mwaka wa 1916. Katika utawala wao Kiswahili kilitumiwa sana kupeleka mashauri ya kilimo kwa watu, na gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka wa 1923, lilikuwa mojawapo ya njia hizo. Bwana shamba akawa mtu ajulikanaye katika kila wilaya. Lakini macho ya serikali yalikuwa juu ya mazao ya kupeleka ng'ambo: mkonge katika tambarare za Tanga, kahawa, pamba. Mboga zilihesabiwa kuwa chakula cha nyumbani, au kitoweo cha watu wa mjini, na hazikupata nafasi kubwa katika mipango.

Vita vya Pili vilionyesha jinsi hali hiyo ilivyoweza kubadilika, na jinsi mabadiliko hayo yalivyokuwa mafupi. Mfano ulio wazi zaidi ulikuwa nje ya Usambara, katika nchi ya Nyeri huko Kenya. Jeshi lilihitaji mboga zilizokaushwa, na serikali ikasimamisha kiwanda huko Karatina. Wakulima Wakikuyu wakapewa mbegu, wakalima kwa bidii, wakapata fedha. Vita vilipokwisha jeshi halikuhitaji tena, na kiwanda kikafungwa, ijapokuwa wakulima walitaka kukinunua wakiendeshe wenyewe. Walikataliwa. Jambo hilo liliwaacha na uchungu, nalo latoa fundisho litumikalo hata kwa Usambara: ujuzi wa kulima ulikuwapo, nguvu zilikuwapo, na kilichokosekana baada ya vita ni nia ya serikali kumwachia mkulima mlango wa soko uliokuwa umefunguliwa kwa haja ya wengine.

Wakati huo huo wakuu wa kilimo wa Tanganyika walikuwa na hofu nyingine, yaani kumomonyoka kwa udongo. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Watu wa Usambara walikuwa wameongezeka, mahindi yalikuwa yamepanda miteremko iliyokuwa ya migomba au misitu, na mvua kubwa ilishuka na udongo. Mwaka wa 1946 ulianzishwa mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na mwaka wa 1950 ukapanuliwa uwe mpango wa Usambara yote. Msingi wake ulikuwa kuinua matuta katika mashamba ya mteremkoni, pamoja na makatazo juu ya kulisha mifugo na kuchoma majani. Asiyetimiza alipelekwa barazani akatozwa faini. Machifu na majumbe ndio waliofanywa wasimamizi wa amri hiyo.

Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye kutoa amri hawakuwa wameulalia mpango wao. Katika nyumba nyingi wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta ujira, na kazi ya shamba la chakula ilikuwa mikononi mwa wanawake. Tuta likaongeza kazi yao, na mavuno ya msimu huo hayakuongezeka kwa kadiri ya jasho. Zaidi ya hayo watu waliona hatari katika haki ya ardhi: shamba linaloguswa na serikali leo, kesho laweza kuhesabiwa kuwa la serikali. Feierman ameonyesha kwamba wapinzani walisema kwa maneno yao ya zamani. Machifu waliotakiwa kuiponya nchi walionekana kuwa wanaidhuru. Kuzifya shi na kubana shi, maneno ya mvua na ya wafalme, yakawa maneno ya siasa, na chama cha TANU kikapata wafuasi mlimani.

Usambara haikuwa peke yake. Katika milima ya Uluguru mpango wa namna hiyo, uliotaka mashamba yakatwe ngazi, ulileta ghasia huko Matombo mwezi wa Julai 1955, na mtu mmoja akauawa. Mpango wa Uluguru ukaachwa, na ule wa Usambara nao ukaachwa mwaka wa 1957. Lakini udongo uliendelea kushuka, kwa kuwa kukataliwa kwa dawa hakukuwa kupona kwa ugonjwa.

Hapo ndipo historia ya tuta la pili inapopaswa kusimuliwa. Matuta ya serikali yalikuwa ya mteremkoni, kwa ajili ya mahindi. Matuta ya mboga yalikuwa ya bondeni, kwa ajili ya fedha. Katika bonde kuna maji, na udongo mweusi ulioshuka kutoka juu. Hivi kwamba hasara ya mteremko imekuwa faida ya bonde. Ardhi ya bondeni ina unyevu mwingi, na mboga zikipandwa pasipo kuinuliwa mizizi huoza. Kwa hiyo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo pembeni, na tuta likawapo. Halikuhitaji amri, kwa sababu lilikuwa na faida inayoonekana kwa macho. Kabichi na karoti hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, nayo ni faraja kubwa kwa mtu ambaye kahawa humngojesha miaka. Kijana asiyerithi migomba mingi aliweza kuanza na kipande kidogo cha bondeni, hata cha kukodi, akapata fedha kabla ya mwaka kwisha.

Baada ya uhuru wa mwaka wa 1961 serikali ya wananchi ilikipa kilimo heshima kubwa katika maneno yake. Tamko la Iringa la mwaka wa 1972 lilitoa wito wa Siasa ni Kilimo. Lakini mgawanyo wa msaada haukubadilika sana. Kahawa, pamba, tumbaku, korosho, chai, pareto na mkonge vilikuwa na bodi na mamlaka zake. Nafaka zilikuwa na Shirika la Taifa la Usagaji. Mboga na matunda havikuwa na mwenyewe wa namna hiyo. Jambo hili lilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja mkulima wa kabichi aliepukana na bei za bodi na malipo ya kucheleweshwa yaliyowavunja moyo wakulima wengine, na vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka wa 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1982, biashara yake haikutikisika sana. Kwa upande wa pili alisimama peke yake mbele ya mnunuzi. Nyanya haingoji. Mwenye kahawa aweza kuiweka ghalani mwezi mzima akitafuta bei. Mwenye nyanya ana siku chache tu, na barabara ikikatika kwa mvua hana hata hizo.

Kwa hiyo soko la mboga likaota maneno yake, ambayo msomi wa lugha hapaswi kuyapita. Dalali, neno la asili ya Kiarabu, ndiye asimamaye kati ya lori na mnunuzi katika masoko kama Kariakoo. Tenga, chombo cha kusukwa, limekuwa kipimo cha nyanya. Na lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kinywa chake, likaongezwa kichuguu juu na kushonewa kamba, hata mkulima akauza karibu gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza ufungaji huo, na imeweka kwamba uzito wa gunia usizidi kilo 100. Lakini neno lumbesa lingali hai vinywani mwa watu, na uhai wa neno ni ushahidi wa uhai wa jambo lenyewe. Hapa msaada unaohitajika kwa serikali haupiti katika shamba hata kidogo. Ni mizani, na mtu wa kuisimamia.

Katika habari ya udongo, funzo la miaka ya 1950 lilichukua muda kupokewa. Mwaka wa 1981 ulianzishwa huko Lushoto mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, kwa msaada wa Wajerumani, uliojulikana kwa kifupi chake SECAP. Mradi huo ulifuata njia nyingine: mistari ya majani ya malisho ilipandwa kukingama mteremko pamoja na miti, na ng'ombe wakafugwa zizini. Majani hushika udongo, kisha hukatwa yakamlisha ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Kazi ya kuhifadhi udongo ikawa na malipo ndani ya mwaka. Kwa ajili hiyo wakulima wengi waliikubali, ingawa si wote, kwani asiye na ng'ombe hakuona faida hiyo. Yafaa kulinganisha na Ukambani huko Kenya, ambako njia ya kuchimba mfereji na kurushia udongo upande wa juu iliitwa fanya juu. Jina hilo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia kwa Kiswahili chake. Ni kitenzi cha kuamrisha, lakini linaeleza kazi na mkono unaoifanya, ilhali matuta ya Usambara yalitajwa siku zote pamoja na faini.

Msaada wa mbegu nao ulikuja kwa kuchelewa, lakini ulikuja. Kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru, karibu na Arusha, pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga chenye makao makuu Taiwani, kilichofungua tawi lake la Afrika huko Arusha mwaka wa 1992, vilifanya kazi bega kwa bega. Mwaka wa 1997 zilitolewa aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97. Majina hayo yafaa kutazamwa kando ya kiazi ulaya. Karne moja baada ya Kwai, mbegu zilipewa majina ya nchi ya mpandaji na mahali zilipoteuliwa. Kazi nyingine ya Arusha ni kukusanya na kuboresha mboga za asili, kama mnavu, mgagani, mchicha na ngogwe, zile ambazo mabwana shamba wa zamani waliziita magugu.

Katika karne hii kilimo hiki kimepata sauti. Chama cha wenye shughuli za mboga, matunda, maua na viungo, TAHA, kilianzishwa mwaka wa 2004 na kukaa Arusha, na serikali ikatoa mkakati wa kuendeleza kilimo hicho kwa miaka ya 2012 hata 2021. Hata hivyo katika hati na hotuba jina lake bado halijatulia. Wengine husema kilimo cha bustani, wengine mazao ya mbogamboga na matunda, wengine hotikalcha. Tofauti hii si ya mapambo. Anayesema hotikalcha huwaza chumba cha baridi, ndege na mnunuzi wa Ulaya. Anayesema mbogamboga, kwa neno lililorudufiwa ambalo huweza kudokeza wingi wa namna na pia udogo wa kitu, huwaza fungu la mchicha sokoni. Mkulima wa Soni, mwenye robo ekari ya karoti ziendazo Dar es Salaam, hamo barabara katika neno la kwanza, na katika la pili huonekana mdogo kuliko alivyo. Asiye na jina katika mpango huenda asiwe na fungu katika bajeti.

Mambo mawili basi yathibitika katika historia hii. La kwanza ni kwamba wakulima wa Usambara walipokea mazao mageni kila mara faida yake ilipofika mikononi mwao, na walikataa kazi ambayo faida yake iliahidiwa tu. La pili ni kwamba msaada uliodumu ni ule uliotengeneza kitu ambacho mkulima mmoja hawezi kujitengenezea: reli, barabara, mbegu iliyochunguzwa, mizani ya haki. Kuinua tuta alikuwa akijua.

Kwa wachunguzi wa lugha iko kazi iliyosalia. Istilahi za wakulima wa mboga wa mlimani, majina ya udongo wa bondeni, ya mifereji, ya magonjwa ya nyanya, ya vipimo vya sokoni, katika Kisambaa, Kimbugu na Kiswahili chao, hazijakusanywa ipasavyo. Kila msimu mbegu mpya huingia na dawa mpya huingia, na maneno ya zamani huondoka pamoja na wazee. Mabwana shamba wa mwaka wa 1950 walikuwa na elimu ya udongo, lakini hawakuyajua maneno ambayo watu wa mlimani waliyatumia kuusemea udongo huo, na kwa kutoyajua walichukua pingamizi lenye hoja wakaliita ukaidi. Watakaokuja kuwashauri wakulima hao baadaye watahitaji maneno hayo yawe yamekwisha kuandikwa.